Violesura vya Maunzi na Programu za Kubuni Chipu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandaliwa kwa ajili ya wanafunzi wa uhandisi, mafundi wa elektroniki na waandishi wa programu wanaotaka kufahamu kinachoendelea chini ya msimbo wao. Majibu yanaegemea zana huria, kwa sababu hizo ndizo ambazo mtu anaweza kuzipakua leo bila kusaini mkataba wowote. Yanarudi pia mara kwa mara kwenye jambo moja: hitilafu zinazomchosha mbunifu kwa kawaida hazikai katikati ya kipande alichokibuni, bali kwenye mpaka ambapo kipande hicho kinakutana na kingine.

Kiolesura cha maunzi ni nini hasa, na kwa nini waandishi wa programu huhangaika nacho?

Ni makubaliano kati ya vifaa viwili kuhusu namna ya kupashana ishara, na makubaliano hayo yana tabaka kadhaa. Kuna umbo la plagi na mpangilio wa pini. Kuna umeme, yaani volti ngapi huhesabiwa kuwa 1, ngapi huhesabiwa kuwa 0, na ni upande gani wenye haki ya kuusukuma waya kwa wakati fulani. Kuna muda, yaani ishara inapaswa kutulia kwa nanosekunde ngapi kabla na baada ya pigo la saa. Juu ya yote hayo kuna utaratibu wa mazungumzo: nani huanza, nani hujibu, na ujumbe huishia wapi.

Mwandishi wa programu amezoea tabaka hilo la mwisho peke yake. Hufungua hati ya kiufundi ya chipu, huona orodha ya rejista, yaani visanduku vidogo vya kuhifadhia biti ndani ya chipu, kisha huanza kuandika draiva. Draiva hiyo yaweza kuwa sahihi kabisa ilhali kifaa kimenyamaza kwa sababu ya rezista moja iliyosahaulika. Kifaa kinapokataa kujibu, ni busara kuanza na mita ya umeme, kufuata na osiloskopu au kichanganuzi mantiki cha bei nafuu, na kuurudia msimbo baada ya hapo.

Kwa nini kuna UART, SPI na I2C, ilhali zote tatu hufanya kazi ileile ya kusafirisha baiti?

Kila moja iliokoa kitu tofauti. UART iliokoa waya wa saa. Pande mbili hukubaliana kasi mapema, kwa mfano biti 115,200 kwa sekunde. Mtumaji huushusha waya kwa muda wa biti moja ili kutangaza mwanzo, hutuma biti nane akianzia ile yenye thamani ndogo zaidi, kisha huurudisha waya juu kwa biti ya kumalizia. Kwa kuwa mpokeaji hujipanga upya mwanzoni mwa kila baiti, tofauti ndogo kati ya saa mbili huvumilika. Bodi yenye saa ya megahezi 12 ikigawanya mapigo yake kwa 104 hupata kasi ya takriban 115,385, yaani kosa la asilimia 0.16, ambalo halina madhara yoyote. Kosa linapokaribia asilimia 5, mpokeaji huisoma biti ya mwisho mahali pasipo pake, na hapo ndipo herufi za ajabu hujaa kwenye skrini.

SPI, iliyobuniwa na Motorola katika miaka ya 1980, iliokoa ugumu wa saketi. Ina waya wa saa, waya wa data ya kwenda, waya wa data ya kurudi na waya wa kuchagulia kifaa. Ndani yake hakuna zaidi ya rejista mbili zinazosukumiana biti. Wepesi huo ndio unaoiwezesha kufikia makumi ya megahezi bila shida, na ndiyo sababu skrini ndogo na chipu za kumbukumbu huipenda. Upungufu wake ni kwamba haina anwani wala uthibitisho wa kupokea, hivyo mtumaji anaweza kuzungumza na tundu tupu kwa saa nzima bila kujua. Tena ina hali nne, kutegemea kama waya wa saa hupumzika chini au juu na kama data husomwa kwenye ukingo wa kwanza au wa pili wa pigo. Hali ikikosewa, data mara nyingi huja ikiwa imesogea biti moja, na thamani iliyosogea biti moja huweza kuonekana ya kuaminika kiasi cha kumpotezea fundi siku nzima.

I2C ilitoka Philips mwaka 1982 na iliokoa pini. Nyaya mbili tu huunganisha vifaa vingi, kila kimoja na anwani yake ya biti saba. Siri yake ni kwamba hakuna kifaa kinachoruhusiwa kuusukuma waya juu: kila kimoja kinaweza ama kuuvuta chini ama kuuachilia, na kazi ya kuupandisha huachiwa rezista zilizounganishwa na volti ya chanzo, ambazo mara nyingi huwa za kilo-ohmu 4.7. Kwa mpango huo vifaa viwili haviwezi kugombana kwa umeme hata vikizungumza kwa pamoja. Gharama yake ni mwendo. Waya hupanda taratibu kadiri unavyokuwa mrefu na kadiri vifaa vinavyoongezeka, na ndiyo maana kasi za kawaida ni kilobiti 100 na 400 kwa sekunde. Asiyeweka rezista hizo hatapata I2C ya polepole, hatapata chochote.

Kwa vihisi vya joto na unyevu, I2C inatosha na kubaki. Kwa skrini na kumbukumbu, SPI. Kwa kuzungumza na kompyuta wakati wa kutafuta hitilafu, UART haijapata mshindani, na mbunifu anayeiondoa kwenye bodi ili kuokoa pini mbili kwa kawaida huijutia.

Bodi yangu ni ya volti 3.3 na kihisi changu ni cha volti 5. Je, naweza kuviunganisha moja kwa moja?

Hapana, isipokuwa hati ya chipu iseme wazi kwamba pini zake huvumilia volti 5. Pini za bodi nyingi za Raspberry Pi hazivumilii, na pini za chipu nyingi za FPGA (chipu ambazo mbunifu huzipangia saketi yake mwenyewe kwa kupakia faili la usanidi) za siku hizi hazivumilii. Kuelekea upande wa volti 3.3, rezista mbili za kugawanya volti hutosha kwa ishara za polepole. Kwa I2C, ambako waya mmoja hupitisha ishara pande zote mbili, hutumika transista moja ya MOSFET kwa kila waya pamoja na rezista za kupandisha kila upande. Ardhi za bodi zote mbili lazima ziunganishwe. Jambo hili linaonekana dogo mno kuandikwa, lakini ni miongoni mwa visababishi vikuu vya maswali yanayoletwa hapa.

USB na PCI Express zipo kila mahali. Kwa nini mwanafunzi asianze nazo?

Kwa sababu nyaya zake ni sehemu ndogo kuliko zote za tatizo. USB ya kwanza ilitangazwa mwaka 1996 ikiwa na kasi za megabiti 1.5 na 12 kwa sekunde, USB 2.0 ya mwaka 2000 ilifika megabiti 480, na USB 3.0 ya mwaka 2008 gigabiti 5. Hata ile ya polepole kabisa inamtaka mbunifu ashughulikie pakiti, hesabu za kukagua makosa, na mahojiano marefu ambayo kompyuta hufanya na kila kifaa kinapochomekwa ili kujua ni nini na kinahitaji umeme kiasi gani. Ndiyo maana bodi nyingi huweka chipu ya pembeni inayogeuza USB kuwa UART, na uamuzi huo ni wa busara, hauna aibu yoyote.

PCI Express inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa inaeleza kwa nini dunia iliziacha nyaya nyingi sambamba. PCI ya kale ya mwaka 1992 ilikuwa na nyaya 32 za data zilizoongozwa na saa moja ya megahezi 33, na kilele chake kilikuwa takriban megabaiti 133 kwa sekunde. Ukitaka kuongeza kasi, nyaya hizo zote lazima zifikishe biti zake kwa pamoja, na tofauti za milimita chache katika urefu wa njia huanza kuleta vurugu. PCI Express, iliyotoka mwaka 2003, iliachana na saa ya pamoja. Kila njia ina jozi moja ya nyaya za kwenda na jozi moja ya kurudi, ishara husomwa kama tofauti kati ya nyaya mbili za jozi, na mpokeaji huitambua saa kutokana na data yenyewe. Ili saa itambulike, data haiwezi kukaa muda mrefu bila kubadilika. Hivyo toleo la kwanza liligeuza kila biti 8 kuwa biti 10 zenye mabadiliko ya kutosha. Kwa hiyo mwendo wa gigabiti 2.5 kwa sekunde uliacha megabaiti 250 za data kwa kila njia. Toleo la tatu la mwaka 2010 lilipandisha mwendo hadi gigabiti 8 na kutumia biti 130 kubeba 128, upotevu mdogo mno kulinganisha na ule wa awali. Saketi zinazofanya kazi hiyo ya kutambua saa ni za analogi, na haziandikwi kwa Verilog, lugha ya kuelezea saketi, peke yake. Hununuliwa zikiwa tayari au huja ndani ya FPGA ya bei ya juu.

JTAG ni ya nini?

Ni mlango wa ukaguzi. Ilipitishwa na IEEE, chama cha wahandisi wa umeme kinachoweka viwango, kama kiwango 1149.1 mwaka 1990 ili viwanda viweze kukagua kama pini za chipu zimelehemiwa sawasawa bila kuzigusa, kwa kuwa chipu zilikuwa zimeanza kuwa na pini nyingi kiasi kwamba sindano za kupimia hazifikii. Nyaya zake ni nne: saa, uchaguzi wa hali, data ya kuingia na data ya kutoka. Leo hutumika zaidi kupakia usanidi kwenye FPGA na kusimamisha prosesa katikati ya programu ili kuichunguza.

Je, ndani ya chipu moja nako kuna violesura?

Kuna vingi kuliko nje. Prosesa, kumbukumbu, kidhibiti cha UART na vinginevyo huunganishwa kwa mabasi ya ndani, yaani nyaya za pamoja za kupitishia data. Mashuhuri zaidi ni AXI ya kampuni ya ARM, na katika ulimwengu huria hutumika pia Wishbone, ambayo ni nyepesi zaidi kuandika na kukagua.

Kiini cha AXI ni ishara mbili. Mtoaji hupandisha ishara ya «ninayo data», mpokeaji hupandisha ishara ya «niko tayari», na data huhesabiwa kuwa imevuka pale tu zote mbili zinapokuwa juu kwenye pigo moja la saa. Kanuni inayosahaulika ni kwamba mtoaji haruhusiwi kusubiri utayari wa mpokeaji kabla ya kutangaza kwamba anayo data, ilhali mpokeaji anaruhusiwa kusubiri. Kanuni hiyo ikivunjwa, kila upande humsubiri mwenzake na mfumo huganda milele. Kinachotia uchungu ni kwamba vipande viwili vinavyogandishana hivyo vyaweza kufaulu majaribio yote kila kimoja kikiwa peke yake.

Nianze na Verilog au VHDL?

Verilog ilizaliwa katika kampuni ya Marekani ya Gateway Design Automation katikati ya miaka ya 1980 ikiwa lugha ya kiigaji chao cha kibiashara, yaani programu ya kuiga mwenendo wa saketi. Cadence iliinunua kampuni hiyo, ikaiachia lugha kwa umma, na IEEE ikaipitisha kuwa kiwango 1364 mwaka 1995. VHDL ilitokana na mradi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani na ilipitishwa mwaka 1987. VHDL ni kali na hukataa mambo mengi ambayo Verilog huyapitisha kimyakimya. Hata hivyo, kwa anayetumia zana huria ushauri wetu ni Verilog, kwa sababu njia ya kutoka msimbo hadi chipu imekanyagwa zaidi upande huo.

Lugha yoyote utakayoichagua, jambo gumu ni lilelile: mistari haitekelezwi mmoja baada ya mwingine. Kila kipande cha msimbo kinaeleza saketi ambayo itakuwepo na kufanya kazi muda wote, sambamba na nyingine zote. Katika Verilog kuna alama mbili za kukabidhi thamani, = na <=. Ndani ya kipande kinachoongozwa na saa tumia <= pekee, kwa kuwa ndiyo inayosema kwamba flipuflopu zote, yaani saketi ndogo zinazoshika biti moja moja, zitabadilika kwa pamoja pigo likifika. Ukichanganya, kiigaji kitaonyesha jambo moja na silikoni itafanya jingine.

Nina kompyuta mpakato ya kawaida. Je, inatosha?

Kwa FPGA ndogo inatosha kabisa. Icarus Verilog na Verilator huiga mwenendo wa saketi. GTKWave huonyesha mawimbi. Yosys hugeuza msimbo kuwa mageti, yaani saketi ndogo za msingi za mantiki. Na nextpnr huyapanga mageti hayo ndani ya FPGA na kuyaunganisha. Kundi la YosysHQ hutoa kifurushi kimoja chenye zote hizo, kiitwacho OSS CAD Suite, kwa Windows, macOS na Linux. Mradi mdogo kwenye FPGA ya aina ya iCE40 hukamilika kwa sekunde chache hata kwenye mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4.

Uwezekano huu una historia fupi. FPGA ya kwanza ya kibiashara, XC2064 ya Xilinx, ilitoka mwaka 1985 ikiwa na vitalu 64 tu vya mantiki, na kwa miaka mingi watengenezaji walificha maana ya faili la usanidi, hivyo kila mtu alilazimika kutumia programu ya mtengenezaji. Mwaka 2015 mradi wa IceStorm, ulioongozwa na Claire Wolf, uliibaini maana ya biti hizo katika chipu za iCE40 za Lattice kwa kulinganisha mafaili mengi. Ndipo ikawezekana kwa mara ya kwanza kutoka Verilog hadi bodi inayowaka kwa zana huria tupu.

Kwa kubuni chipu halisi mahitaji huongezeka. Mafaili ambayo kiwanda humpa mbunifu peke yake huchukua gigabaiti kadhaa, kwa hiyo yapakue mara moja, yahifadhi kwenye diski ya nje, na mgawane na wenzenu badala ya kila mmoja kumaliza bando lake.

Safari kutoka msimbo hadi mchoro wa chipu hupitia wapi?

Huanza na usanisi. Yosys husoma Verilog na kutoa orodha ya mageti yaliyomo kwenye maktaba ya kiwanda pamoja na miunganisho yake. Kisha hugawanywa eneo la chipu: pini zitakaa wapi, gridi ya umeme itapita wapi, na vitalu vikubwa kama kumbukumbu vitawekwa upande gani. Hatua hii hufanywa haraka na wanafunzi, kisha hulipiwa baadaye, kwa sababu kumbukumbu iliyowekwa vibaya huziba njia za nyaya na hakuna programu itakayoifidia.

Baada ya hapo mageti hupangwa kwenye safu, na mti wa saa hujengwa ili pigo lifike kwenye flipuflopu zote kwa tofauti ndogo iwezekanavyo. Nyaya za chuma huchorwa katika tabaka kadhaa, kisha hufuata uchambuzi wa muda. Kwa saa ya megahezi 50 kila ishara ina nanosekunde 20 za kutoka flipuflopu moja hadi nyingine. Ikichelewa, unaweza kupunguza kasi ya saa na chipu ikaendelea kutumika. Lakini ikiwahi mno, ikafika kabla flipuflopu ya mbele haijamaliza kushika thamani ya zamani, hakuna kasi ya saa itakayoiokoa, na chipu iliyotoka kiwandani na kosa hilo ni ya kutupa. Ripoti ya makosa ya kuwahi isomwe kwa makini kuliko ile ya kuchelewa, ingawa watu wengi hufanya kinyume.

Mwisho kuna ukaguzi wa aina mbili. Wa kwanza hupima kama mchoro unafuata kanuni za kiwanda, kwa mfano umbali wa chini kati ya nyaya mbili. Magic, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley katika miaka ya 1980, na KLayout hufanya kazi hiyo. Wa pili hulinganisha saketi iliyochorwa na ile iliyokusudiwa, na hapo hutumika Netgen. Zikipita zote, faili hutolewa kwa muundo wa GDSII, ambao umedumu tangu miaka ya 1970. Hatua hizi zote zimeunganishwa katika OpenLane, inayotumia OpenROAD, mradi ulioanza mwaka 2018 kwa ufadhili wa DARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ukiwa na lengo la kukamilisha mchoro ndani ya saa 24 bila mkono wa mtu.

PDK ni nini, na kwa nini watu huizungumzia sana?

Ni furushi la maelezo ambalo kiwanda humpa mbunifu: kanuni za mchoro, tabia za transista kwa ajili ya SPICE, kiigaji cha mwenendo wa umeme ndani ya saketi, na maktaba ya mageti yaliyokwisha kuchorwa. Bila hiyo, zana zote zilizotajwa hapo juu hazina cha kufanyia kazi. Kwa miongo mingi furushi hilo lilitolewa kwa waliotia saini mkataba wa usiri tu. Mwaka 2020 Google na kiwanda cha SkyWater cha Minnesota walilifungulia umma furushi la SKY130, la nanomita 130. Baadaye ikafuata GF180MCU ya GlobalFoundries na SG13G2 ya taasisi ya IHP ya Ujerumani. Nanomita 130 ni teknolojia ya miaka ya 2000 mwanzoni, lakini inatosha kwa prosesa ndogo ya RISC-V (seti huria ya amri za prosesa), vidhibiti vya injini na saketi za analogi.

Je, zana huria zinaweza kuchukua nafasi ya zile za Synopsys, Cadence na Siemens?

Kwa chipu ya nanomita 5 yenye mabilioni ya transista, hapana, na anayesema vinginevyo anawapotosha wanafunzi. Kampuni hizo tatu hufanya kazi pamoja na viwanda miaka kadhaa kabla teknolojia mpya haijatoka, na kanuni za teknolojia hizo haziko wazi. Kwa mafunzo, utafiti na chipu za nanomita 130 na 180, ndiyo. Tofauti inayoonekana mapema ni kwenye VHDL, ambayo Yosys huipokea kupitia GHDL, programu huria ya kusoma VHDL, na kwenye ujumbe wa makosa, ambao kwa zana huria mara nyingi ni mfupi mno kumsaidia mgeni.

Nitajuaje kama saketi yangu ni sahihi kabla ya kuituma?

Kuiga peke yake hakutoshi. Mwaka 1994 profesa wa hisabati Thomas Nicely aligundua kwamba prosesa ya Pentium ilikosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Chanzo kilikuwa thamani tano zilizokosekana katika jedwali lenye thamani 1,066, na Intel ilitenga dola milioni 475 kwa ajili ya kubadilisha chipu hizo. Majaribio mengi mno yalikuwa yamefanywa, lakini hakuna lililopita kwenye matundu hayo kwa namna ya kuyafichua.

Funzo ambalo tasnia ililichukua ni uthibitishaji wa kihisabati: badala ya kujaribu thamani moja moja, unaandika sharti ambalo halipaswi kuvunjwa kamwe, na programu hutafuta hali yoyote inayoweza kulivunja. SymbiYosys hufanya hivyo bila malipo. Inafaa hasa kwa violesura, kwa sababu kanuni za basi ni fupi na zinaandikika: data isibadilike wakati mtoaji anasubiri, na ombi moja lipate jibu moja. Kwa majaribio ya kawaida, cocotb humwezesha mtu kuyaandika kwa Python, nafuu kubwa kwa aliyetoka upande wa programu.

Saketi yangu hufaulu kwenye kiigaji, lakini kwenye bodi hushindwa mara moja moja. Tatizo ni nini?

Karibu kila mara ni ishara inayovuka kutoka saa moja kwenda nyingine, au inayotoka nje bila saa, kama vile kitufe au waya wa kupokelea wa UART. Flipuflopu ikikuta ishara inabadilika wakati uleule wa pigo, inaweza kukaa kati ya 0 na 1 kwa muda usiotabirika kabla ya kuangukia upande mmoja, na sehemu mbili za saketi zinazoisoma zinaweza kuelewa tofauti. Kiigaji cha kawaida hakionyeshi hali hiyo. Ipitishe ishara hiyo ya biti moja kwenye flipuflopu mbili mfululizo kabla ya kuitumia popote. Kwa namba yenye biti nyingi, dawa hiyo haifai, kwani kila biti yaweza kufika kwa pigo lake. Tumia foleni yenye saa mbili, ambayo vihesabio vyake hubadilisha biti moja tu kwa kila hatua.

Mtu binafsi anaweza kutengenezewa chipu?

Anaweza, kwa kushiriki. Mpango wa MOSIS, ulioanza Marekani mwaka 1981, ulionyesha kwamba michoro ya wabunifu wengi inaweza kuwekwa kwenye bamba moja la silikoni, wakagawana gharama kama wafanyabiashara wanaochangia kontena. Tiny Tapeout, iliyoanzishwa na Matt Venn mwaka 2022, imeipeleka hatua hiyo mbele zaidi: michoro mingi huingia kwenye chipu moja, na kila mmoja hupewa kipande kidogo chenye pini 8 za kuingia, 8 za kutoka na 8 za pande zote mbili. Jiandae kusubiri miezi mingi. Jiandae pia kwa ukweli kwamba mnyororo huu ni mwembamba: kampuni ya Efabless, iliyokuwa kiungo kikuu kati ya wabunifu na SkyWater, ilifungwa mwanzoni mwa mwaka 2025, na miradi iliyokuwa njiani ikakwama.

Je, kuna kazi kama hii Afrika Mashariki?

Nyeri, nchini Kenya, kuna Semiconductor Technologies Limited, iliyoko katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Zaidi ya hapo, ni vizuri kutenganisha utengenezaji na ubunifu. Kiwanda hudai mtaji mkubwa, maji safi kupindukia na umeme usiokatika. Ubunifu na uthibitishaji hudai watu waliofunzwa na kompyuta, na unaweza kufanyika Dar es Salaam au Kampala huku silikoni ikipikwa kwingine.

Mradi wa kwanza uwe upi?

Mtumaji wa UART kwenye FPGA: kihesabio cha biti saba kinachohesabu kutoka 0 hadi 103 kwa bodi yenye saa ya megahezi 12, rejista ya biti kumi inayosukumwa, na kitufe. Ukishaona herufi kwenye kompyuta, andika mpokeaji, ambaye ni mgumu zaidi kwa sababu lazima asome katikati ya kila biti na apitishe waya wa kuingia kwenye flipuflopu mbili. Prosesa ya RISC-V inavutia, lakini iache hadi mpokeaji huyo awe amepita majaribio ya kasi iliyokosewa kwa asilimia mbili juu na chini.

Je, faili baya la usanidi linaweza kuharibu bodi?

Linaweza, ikiwa pini uliyoifanya ya kutoa imeunganishwa na pini nyingine inayotoa: moja ikisukuma juu na nyingine ikivuta chini, mkondo mkubwa hupita katikati yao. Wakati wa majaribio weka rezista ya ohmu 330 kwenye kila waya unaotoka kwenye bodi. Kwa volti 3.3 mkondo hautazidi miliampea 10, na ishara za UART hazitahisi tofauti yoyote.